Kilimanjaro, Mlima Kenya au Elgon: kahawa ipi ya shamba la familia kwa espreso yako?

Kwenye meza yangu ya kahawa hapa Arusha kuna makopo matatu ya bati, na kila asubuhi swali ni lile lile: "Ipi kali?" Nikijibu kwamba ukali hautoki mlimani, unatoka kwenye kikaango, muulizaji hunitazama kama mtu anayekwepa deni. Wengine huuliza vizuri zaidi. Wamenunua mashine ndogo ya nyumbani, au wanafungua kibanda, na wanataka kahawa ya asili moja, ya familia inayojulikana, isiyochanganywa na ya watu wengine. Wamekwama kati ya majina matatu makubwa ya milima. Hao ndio ninaowaandikia.

Kopo la kwanza lina kahawa ya kihamba kimoja, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, cha Uru, mteremko wa kusini wa Kilimanjaro. La pili ni la Kirinyaga, chini ya Mlima Kenya, kwa familia inayomenya kahawa yake yenyewe badala ya kuipeleka kiwanda cha ushirika. La tatu linatoka Kapchorwa, upande wa Uganda wa Mlima Elgon. Zote ni arabika, zote zimeoshwa, yaani tunda limemenywa na utelezi ukaondolewa kwa maji kabla ya kuanikwa. Ukizichuja kwa kitambaa utazipenda zote. Mashine ya espreso ndiyo inayozigombanisha.

(Najua kuna watu wa Mbozi, Mbinga na Rungwe watakaoninunia. Kahawa zenu nazipenda, siku yake ipo.)

Tupime nini

Espreso ni maji ya moto wa nyuzi 90 hadi 96 yanayosukumwa kwa presha ya bar 9 kupita kwenye kahawa iliyosagwa laini na kushindiliwa. Kipimo cha kuanzia ambacho wengi wetu tunakitumia ni gramu 18 za unga, gramu 36 za kinywaji kikombeni, ndani ya sekunde 25 hadi 30. Presha hiyo haikuwepo tangu mwanzo. Mashine za Kiitaliano za mwanzoni mwa karne ya 20 zilitegemea mvuke, na ni Achille Gaggia wa Milan, katika miaka ya 1940, aliyeleta mkono wa kuvuta uliopandisha presha hadi likatokea lile povu la rangi ya asali tunaloliita krema.

Presha haina upendeleo. Hukamua utamu, hukamua uchachu, hukamua na kosa la mtu aliyesahau kahawa kwenye ndoo usiku mmoja zaidi. Ndiyo maana alama za waonjaji, zile za 80 kwenda juu kati ya 100 ambazo huandikwa kwenye pakiti kwa fahari, hazikusaidii sana hapa. Alama hizo hutolewa kwa kahawa iliyolowekwa kwenye bakuli na kuchotwa kwa kijiko. Kahawa yenye alama 87 inaweza kukukunja uso ukiikamua kwa mashine, na ya 83 ikakufanya uombe kikombe cha pili.

Kwa hiyo nitazipima zote kwa mambo matano: ladha yake ikinywewa tupu, inavyokaa na maziwa, inavyomvumilia mtu asiye fundi, ukweli wa lebo inayosema "shamba la familia", na mwisho msimu na hela.

Ikinywewa tupu

Ya Kilimanjaro ni mpole. Mibuni ya zamani ya N39 na KP423, aina zilizosambazwa na kituo cha utafiti cha Lyamungu, hukua chini ya migomba na miringaringa, na kivuli hicho hufanya tunda liive polepole. Espreso yake inaanza na chungwa lililoiva, inatulia kwenye kitu kama chai ya rangi yenye sukari, inaishia na kakao kidogo. Si nzito. Mtu aliyezoea kahawa iliyokaangwa hadi ikatoa mafuta ataiona inamkimbia ulimini. Mimi ndiyo ninayoinywa saa nne asubuhi, wakati sitaki kugombana na mtu.

Ya Kirinyaga, kama ya jirani yake Nyeri, haina upole huo. Familia nyingi huko bado zinatunza SL28, na hapa niwape hadithi ya ujirani. Mwaka 1931 ofisa wa kahawa wa Kenya alizuru Tanganyika, akaona Monduli mibuni iliyokuwa ikistahimili ukame. Uzao wake ukafika kwenye maabara za Scott, Kabete, na mwaka 1935 mti mmoja ukachaguliwa na kupewa namba 28. Kwa hiyo Mkenya anapoisifu SL28, Mtanzania ana haki ya kutabasamu kidogo. Kikombeni ni ukwaju, juisi ya rozela na zambarau, vyote kwa sauti ya juu, kisha utamu unafuata nyuma kama mtu aliyechelewa harusini. Namna wanavyoiosha pia inachangia: baada ya kuchachushwa na kusuuzwa, kahawa mara nyingi hulowekwa tena kwenye maji safi kabla ya kwenda kwenye vitanda vya kukaushia, na matokeo yake ni ladha iliyonyooka, isiyo na ukungu.

Baba mdogo wangu ni mtu wa Tanga, aliyekulia kwenye baraza za kahawa chungu na kashata. Nilimpa espreso ya Kirinyaga siku moja nikitegemea sifa. Akameza, akanyamaza, akaweka kikombe chini taratibu. "Mwanangu, hii haijachacha?" Nikamweleza kuhusu urefu wa mlima na udongo mwekundu. Akasikiliza mpaka mwisho, mtu wa heshima. "Haya. Basi nipe ile ya jana."

Ile ya jana ilikuwa ya Elgon. Huko kuna SL14, kuna SL28, na kuna mibuni mirefu ya zamani inayoitwa Nyasaland kwa sababu mbegu yake ilitoka huko kusini, Malawi ya leo. Espreso yake ina mwili: sukari guru, zabibu kavu, kakao, na mwishoni harufu kidogo ya tunda lililolala. Uchachu upo lakini umekaa chini. Kati ya hizi tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na kikombe cha baraza, ukiondoa tangawizi. Tatizo lake ni kutotabirika. Nimewahi kupata pakiti mbili za mlima huo huo, moja ikinukia asali na nyingine ikinukia gunia lililonyeshewa. Nitaeleza sababu nikifika kwenye suala la lebo.

Ikikutana na maziwa

Elgon inaogelea. Mimina mililita 150 za maziwa juu ya vipimo viwili vya espreso na bado utajua kuna kahawa ndani, tena itakuwa kama chokoleti ya maji. Kilimanjaro kwenye kikombe hicho kikubwa inazama. Ipe maziwa kidogo, mililita 60 au 70, inakuwa kama biskuti iliyochovywa. Anayetaka kuiuza kwa vikombe vikubwa amwombe mkaangaji aisogeze mbele kidogo, kabla tu ya rangi kuwa nyeusi, au aongeze gramu mbili kwenye kikapu, kile kichujio cha chuma kinachoshika unga kwenye mashine.

Kirinyaga na maziwa ni suala la mapenzi. Uchachu wake ukikutana na utamu wa maziwa, baadhi ya watu husema mtindi wa matunda, na wanalipa kwa furaha. Wengine husema maziwa yameharibika na wanataka hela yao. Sijawahi kumbadilisha mtu kutoka kundi moja kwenda jingine.

Na niseme la krema hapa hapa, maana linahusiana. Hakuna kati ya hizi tatu itakayokupa lile povu nene linalobeba sukari juu kwa sekunde kadhaa. Povu hilo linatokana zaidi na robusta, ndiyo maana Waitaliano wengi huichanganya. Robusta ina pia kafeini karibu mara mbili ya arabika. Ukiona "kali" kwako ni moyo kwenda mbio na povu kama la sabuni, wala usihangaike na milima. Tafuta robusta nzuri ya Kagera, ambako Wahaya walikuwa wakiichemsha na kuitafuna kahawa yao muda mrefu kabla ya mmisionari yeyote kupanda arabika Kilema.

Inavyomvumilia mtu asiye fundi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na wauzaji hawalisemi.

Pakiti ya gramu 250 inatoa vipimo 13 vya gramu 18, ukibakiza vumbi. Kila ukifungua kahawa mpya lazima urekebishe kinu cha kusagia: ikitoka kwa sekunde 15 ni chachu na maji matupu, unasaga laini zaidi, ikidondoka kama nta kwa sekunde 50 ni chungu, unarudisha nyuma. Kila jaribio ni gramu 18 zilizokwenda.

Elgon naikamata kwa jaribio la kwanza au la pili. Hata nikikosea kwa sekunde tano, inanyweka. Naanza na gramu 18 zinazotoa 34, maji ya nyuzi 92 au chini kidogo kama imekaangwa sana. Kilimanjaro inanichukua mawili, gramu 18 kutoa 38 kwa nyuzi 93. Ikikosewa haikasiriki, inapoa tu, inakuwa kahawa isiyo na la kusema.

Kirinyaga inakasirika. Punje za SL28 za miinuko mirefu ni ngumu, na kwa kawaida wakaangaji huziacha nyepesi ili zisipoteze tunda, kwa hiyo maji yanapata kazi kuzifungua. Ukisaga kwa ukubwa zaidi kidogo, unapata ndimu tupu. Ukisaga laini mno, maji yanatoboa njia upande mmoja wa kikapu na unapata ndimu na klorokwini kwa pamoja. Nimetupa vipimo vinne kabla ya kuipata, gramu 72, zaidi ya robo ya pakiti. Dawa niliyoipata ni kuipa maji zaidi: gramu 18 kutoa 45, nyuzi 94 au 95, sekunde kama 30. Mwenye kinu cha bei nafuu, chenye hatua chache za kurekebisha, ataumia nayo. Hapo kosa ni la kinu, mkono wako hauna lawama.

Zote tatu zinataka kupumzika baada ya kukaangwa ili gesi ipungue, la sivyo krema inajaa mapovu makubwa na ladha inakwaruza. Elgon na Kilimanjaro nazipa siku 7 hadi 10. Kirinyaga nyepesi naipa wiki mbili. Kwa hiyo angalia tarehe ya kukaangwa. Niliwahi kununua dukani pakiti nzuri yenye picha ya mlima na bibi mwenye kikapu, tarehe pekee iliyoandikwa ikiwa ya mwisho wa matumizi, miaka miwili mbele. Krema ilitoweka kabla sijafika mezani na kikombe. Kahawa yenyewe huenda ilikuwa nzuri, zamani.

Wenzetu wa Dar, Mombasa na Unguja wana mtihani wao: unyevu. Kahawa ikikaa kwenye kinu mchana mzima hunyonya, na kipimo kilichokuwa sawa asubuhi kinabana jioni. Weka kinuni ya kutosha kikombe kimoja tu, iliyobaki kwenye kopo linalofunga kweli. Na wanaotumia birika la moka juu ya jiko la gesi, kwa sababu ya bei au kwa sababu umeme una tabia zake, wakumbuke kuwa presha yake ni ndogo sana, haifiki hata bar 2. Kinachotoka ni kahawa nzito, si espreso hasa. Elgon inapendeza sana humo, Kilimanjaro nayo. Kirinyaga nyepesi kwenye moka nimeijaribu mara tatu na nimeacha.

Je, ni shamba moja kweli?

Tupige hesabu ya kijijini. Kihamba hugawanywa kwa watoto kizazi baada ya kizazi, kwa hiyo familia yenye mibuni 300 si maskini wa kahawa. Tuseme kila mti unatoa robo kilo ya kahawa safi kwa mwaka. Ni kilo 75, gunia moja la kilo 60 na kidogo. Ikikaangwa inapoteza kama sehemu ya sita ya uzito, unabaki na kilo 62 au 63. Yaani pakiti 250 za gramu 250, mwaka mzima, duniani kote. Ukikuta kahawa ya "familia moja ya mlimani" kwenye rafu ya kila supamaketi, Januari hadi Desemba, una haki ya kuuliza familia hiyo ina watu wangapi.

Septemba moja nilikuwa Uru kwa mama ambaye kahawa yake ndiyo iliyo kwenye kopo langu la kwanza. Alimwaga matunda kwenye ndoo ya maji, akayaengua kwa kiganja yaliyoelea. Nikamuuliza hayo yanakwenda wapi. "Hayo? Hayo tunakunywa sisi, mangi," akacheka. Kijana wake alikuwa anazungusha mashine ya mkono, maganda mekundu yakirushwa kwenye shina la mgomba, punje zenye utelezi zikiangukia kwenye beseni. Zingekaa humo siku moja na nusu hivi, kutegemea baridi. Mama hapimi kwa saa. Anaingiza mkono na kuzisugua, na zikianza kulia kama kokoto badala ya kuteleza, anajua utelezi umekwisha na wakati wa kuosha umefika. Kipimo kimoja cha espreso yangu ni punje kama 130, yaani matunda 65 hivi yaliyopita kwenye kiganja kile.

Kahawa ya namna hiyo ipo Kilimanjaro, lakini njia ya kawaida si hiyo. Tangu ushirika wa KNCU ulipoanzishwa mwaka 1933, kahawa ya vihamba imezoea kukusanywa pamoja, kupitia chama cha msingi, kukobolewa na kwenda mnadani Moshi. Siku hizi kuna pia vituo vya pamoja vya kuchakata, CPU, ambavyo hupokea matunda ya majirani wengi na kuyaosha kwa usawa kuliko ndoo ya nyumbani. Kahawa ya CPU moja ni kahawa ya asili moja bila ubishi, ila ni ya kijiji. Halafu yapo mashamba makubwa ya familia, kule Karatu kwenye miteremko ya Ngorongoro kwa mfano, yenye mashine zao na yenye uwezo wa kukuuzia mwaka mzima. Na neno "Kilimanjaro" lenyewe ulichunge. Japani, kwa kanuni zao za lebo, arabika ya Tanzania inaweza kuuzwa kwa jina la Kilimanjaro hata kama imetoka Mbinga, ilimradi si ya Bukoba.

Kenya mambo yamekaa kinyume kidogo. Mkulima mdogo wa Kirinyaga kwa kawaida huchuma, huchagua, kisha hupeleka matunda kiwandani kwa ushirika, ambako yanachanganyika na ya mamia ya wenzake. Kazi ya kuosha si yake. Lakini karatasi ziko safi: kila kundi lina namba, daraja na kiwanda lilikotoka, kwa hiyo ukinunua kahawa yenye jina la kiwanda unajua unachopata. Ukitaka familia moja, tafuta wale waliopata kibali na mashine ya kumenyea nyumbani. Wapo, si wengi, na swali la kuwapima ni moja: "Mmeimenyea wapi?" Lile daraja la AA, kwa taarifa yako, ni ukubwa wa punje. Halisemi nani alilima.

Elgon ndiko kwenye kinaya. Kule karibu kila nyumba ina mashine yake ya mkono, beseni na turubai la kuanikia, familia inafanya kila kitu kuanzia mti hadi punje kavu iliyobaki na ngozi yake ya ndani tu. Lakini njia ni mbovu na miteremko ni mikali, mchuuzi anafika mlangoni na pesa taslimu, ananunua kahawa ambayo mara nyingine haijakauka vizuri, na kufikia jioni gunia lake lina familia 20. Kahawa iliyopita mikono ya familia kuliko zote ndiyo inayopoteza jina mapema kuliko zote. Hilo ndilo gunia langu lililonyeshewa. Inayofaa ni ile ambayo mkaangaji au mnunuzi alikwenda mwenyewe Kapchorwa, Sipi au Bududa, akalipia ikaushwe juu ya vitanda vya waya na kuwekwa peke yake. Uliza jina la kijiji. Anayejua kijiji huwa anajua na mengine.

Msimu, mahali na hela

Kilimanjaro huchuma kuanzia Julai hivi hadi Desemba. Kirinyaga mavuno makubwa ni Oktoba hadi Desemba, na madogo katikati ya Aprili na Juni. Elgon nayo huvuna zaidi nusu ya pili ya mwaka. Ongeza miezi michache ya kukausha, kukoboa na kusafirisha. Kahawa ghafi iliyotunzwa vizuri inakaa mwaka, baada ya hapo espreso yake huanza kuwa na ladha ya karatasi, na ya Kilimanjaro, kwa kuwa ni mpole, ndiyo huonyesha uzee mapema.

Ukiwa Moshi, Arusha au Dar, Kilimanjaro ndiyo rahisi kupata ikiwa imekaangwa wiki hii. Nairobi ni Kirinyaga, Kampala na Mbale ni Elgon, na sioni aibu kusema kwamba kahawa ya jirani iliyokaangwa juzi inaishinda ya mbali iliyokaangwa mwezi wa nne. Walioko Ulaya watakuta za Kenya nyingi zaidi kwa wakaangaji wadogo. Marekani Kilimanjaro hupatikana sana kama ya punje moja, ile ambayo tunda limebeba punje moja ya duara badala ya mbili bapa. Inakaangika sawasawa kwa kuwa inabiringika, lakini mimi siilipii zaidi kwa sababu ya umbo.

Kwa bei, Kirinyaga kwa kawaida iko juu, Elgon chini, Kilimanjaro katikati, ingawa kahawa ya kihamba kimoja inaweza kuruka mpangilio huo. Usilinganishe bei ya pakiti, gawanya bei ya kilo kwa 55, ndiyo gharama ya kikombe chako. Kwa Kirinyaga gawanya kwa 50, maana vingine vitakwenda kwenye sinki.

Kulingana na hali yako

Umenunua mashine ya kwanza, kinu ni cha kawaida, nyumbani mnakunywa na maziwa: Elgon, kaanga ya kati, kutoka kwa muuzaji anayekutajia kijiji. Utaharibu kidogo na utakunywa ulichoharibu.

Unakunywa espreso tupu mara moja au mbili kwa siku na hupendi kelele: Kilimanjaro, ya kihamba ukiipata, ya CPU usipoipata, na usiidharau hii ya pili. Nunua kati ya Oktoba na Machi.

Una kinu kizuri, mizani ya gramu, na unaona raha kurekebisha kitu mpaka kikae: Kirinyaga au Nyeri, nyepesi, na subira ya wiki mbili. Siku ikikaa sawa hutataka kuongea na mtu kwa dakika tano.

Unafungua kibanda chenye kinu kimoja: usianze na kahawa ya familia moja kama ndiyo kahawa yako ya kila siku, itakwisha katikati ya Mei na wateja watakuuliza. Chukua ya CPU moja au shamba kubwa la familia kwa kazi ya kila siku, kisha weka ile ya gunia moja ubaoni kwa majuma machache, ikiisha imeisha. Kinu cha pili kikipatikana, Kirinyaga iingie hapo.

Unakunywa usiku na unataka kulala: zote tatu zitakunyima usingizi sawasawa.

Na kama unamnunulia mzee wa baraza, ni Elgon, iliyokaangwa kati kwenda juu, pamoja na kashata za nazi. Baba mdogo anamaliza pakiti kwa wiki mbili kwenye birika la moka nililomwachia, anaongeza tangawizi nikiwa sipo, na mpaka leo mlima anauita "ule wa Uganda".